Fanani Aketi Wapi? Dolby, DTS na Sikio la Mama

Mwanafunzi wa fasihi simulizi huelezwa mapema kwamba utendaji una pande mbili, fanani na hadhira. Fanani huketi mahali ambapo wote waweza kumwona na kumsikia, nayo hadhira humzunguka. Sauti hutoka kitovuni ikaelekea pembezoni. Hivyo ndivyo tulivyofunzwa, na hivyo ndivyo wengi wetu tulivyowafunza wengine tulipokuwa mafunzoni. Ajabu ni kwamba katika sebule nyingi za leo mpangilio huu umepinduliwa bila mtu yeyote kuuliza. Hadhira ndiyo iliyowekwa kitovuni, ikakalishwa kwenye sofa, nayo sauti ndiyo inayoizunguka kutoka mbele, kandoni na nyuma. Na sasa hata kutoka juu ya paa.

Katika makala haya nakusudia kulinganisha miundo ya sauti hiyo inayotumiwa katika sinema za nyumbani. Silinganishi kwa jicho la mhandisi, kwani uhandisi sikuusomea. Mhandisi wa familia yetu ni kaka yangu mkubwa, fundi wa redio na runinga mjini Naivasha, na mengi ya kiufundi niyasemayo hapa niliyapata kwanza mezani pake, katikati ya harufu ya risasi ya kuunganishia nyaya. Mimi nalinganisha kama mtu wa fasihi ya Kiswahili aliyelazimika kulifikiria jambo hili kwa sababu ya mama yake.

Mama anaishi Longonot, upande ule ambao mlima unaonekana wote, kuanzia makorongo ya ubavuni hadi kwenye ukingo wa kreta. Aliuza viazi na mahindi kando ya barabara ya Mai Mahiu kuelekea Naivasha kwa miaka mingi. Lugha yake ya kwanza ni Kikuyu. Kiswahili alikipata barabarani, kwa madereva wa malori na kwa Wamaasai waliokuja kununua, nacho akakimiliki kuliko baadhi yetu tuliokisomea. Kiingereza hakijui. Sikio lake la kushoto limedhoofika, na la kulia linaanza kulifuata. Anapenda filamu kupita kiasi. Hata hivyo, kwa miaka miwili hivi alikuwa ameanza kuondoka sebuleni filamu ikiwa katikati, akisingizia kazi za jikoni. Tulipombana alisema ukweli: muziki unayameza maneno.

Kabla ya kuendelea, lipo suala la istilahi. Wauzaji wa vyombo hivi hutumia jina la Kiingereza, na mafundi wetu hulifupisha kadiri wapendavyo. Nimesikia “sauti ya mzunguko”, ambayo inanifanya nifikirie feni. “Sauti zungushi” inaelekea kusema kwamba sauti ndiyo inayozungusha kitu. Mimi nimechagua “sauti-mzingo”, kwa kuwa mzingo ni ule mstari unaofunga duara, nasi tunazungumzia spika zilizopangwa kwenye mstari huo, msikilizaji akiwa ndani. Kila njia ya sauti inayojitegemea nitaiita mkondo. Atakayekuwa na maneno bora na ayalete, sitayapigania haya.

Historia ya sauti-mzingo ni ndefu kuliko wengi wadhaniavyo. Mwaka wa 1940 kampuni ya Walt Disney iliionyesha filamu ya Fantasia kwa mtambo ulioitwa Fantasound, uliotawanya sauti ya okestra katika spika mbalimbali za ukumbi. Ulikuwa ghali mno, na kumbi chache tu ziliuweka. Baadaye, Ray Dolby, Mmarekani aliyeanzisha kampuni yake London mwaka wa 1965, alipata njia za kupunguza mvumo unaosikika kwenye kanda. Kutokana na kazi hiyo ukazaliwa muundo wa Dolby Stereo katikati ya miaka ya 1970, na filamu ya Star Wars ya mwaka wa 1977 ndiyo iliyoutangaza kwa walimwengu. Siri yake ilikuwa kukunja mikondo minne, yaani kushoto, katikati, kulia na nyuma, ikaingia katika mikondo miwili ya kawaida. Chombo cha ukumbini kilikunjua tena. Mwaka wa 1982 mbinu hiyo ikaletwa nyumbani kwa jina la Dolby Surround, na mwaka wa 1987 ikaboreshwa kwa jina la Pro Logic.

Ukunjuaji huu ningependa msomaji auelewe vyema, kwani utarudi. Kifaa hakijui mtunzi wa filamu alikusudia nini. Kinabahatisha kwa kanuni. Sauti inayosikika sawasawa kushoto na kulia hukisiwa kuwa ni ya katikati, nayo hupelekwa kwenye spika ya katikati. Sauti ambayo mawimbi yake yanapingana katika mikondo hiyo miwili hukisiwa kuwa ni ya nyuma. Katika Pro Logic ya awali mkondo wa nyuma ulikuwa mmoja tu, nao ulikatwa kwenye hezi 7,000, ndiyo maana ulisikika kana kwamba mtu amefunikwa blanketi. Pro Logic II, iliyotoka mwaka wa 2000, ikaweza kutoa mikondo mitano kutokana na rekodi yoyote ile ya stereo.

Kisha yakaja mapinduzi ya kidijitali. Filamu ya Batman Returns ya mwaka wa 1992 ilitoka na muundo wa Dolby Digital, ambao alama zake zilichapishwa kwenye utepe wa filamu, katikati ya matundu ya pembeni. Mwaka uliofuata ilitoka Jurassic Park na muundo wa DTS, ambao uliiweka sauti kwenye diski za pekee zilizofuata alama za muda kwenye utepe. Steven Spielberg, aliyeiongoza filamu hiyo, alikuwa pia miongoni mwa waliotia fedha zao katika DTS. Miundo hii miwili ilikuwa na mikondo sita iliyotengana kabisa, isiyohitaji kubahatisha: mitano kamili, na mmoja wa besi pekee. Huo wa besi hubeba masafa ya chini tu, hadi hezi 120 hivi, ndiyo sababu huandikwa kama sehemu ya kumi: 5.1. (Zile wufa zinazouzwa madukani kwetu zikiwa zimeandikwa 3.1 ni jambo jingine. Aghalabu hupokea mikondo miwili tu kwa waya mwekundu na mweupe, kisha hiyo hiyo miwili ikagawiwa spika tatu. Tarakimu ni za kuhesabia maboksi yaliyomo.)

Ni ipi bora basi kati ya Dolby Digital na DTS? Mjadala huu umewachosha wapenzi wa sinema duniani kwa zaidi ya miongo mitatu. Mikondo sita isiyobanwa, ikirekodiwa kwa sampuli 48,000 kwa sekunde na biti 16 kwa kila sampuli, huhitaji takriban kilobiti 4,608 kwa sekunde. Dolby Digital kwenye DVD huzibana zikawa 448 kwa kiwango cha juu kabisa, yaani hutupa karibu tisa katika kila kumi. DTS hubana hadi 1,509, au nusu yake, 754. Mwenye kutazama hesabu hizi tu atasema DTS imeshinda kabla ya mchezo kuanza. Lakini mbinu za kubana hazilingani kwa ustadi. Dolby Digital hutumia kwa werevu udhaifu wa sikio la binadamu, ikatupa kile ambacho sikio lisingekisikia kwa kufunikwa na sauti nyingine. Kupima ubora kwa kilobiti pekee ni sawa na kupima shairi kwa wingi wa mizani.

Zaidi ya hayo upo mtego. Dolby Digital huandamana na maagizo ya ndani yanayopunguza sauti ili kiwango cha mazungumzo kilingane kutoka diski moja hadi nyingine. Mara nyingi punguzo hilo ni desibeli nne hivi. Hivyo mtu akibonyeza rimoti akatoka Dolby kwenda DTS, sauti hupanda ghafla, naye hushangilia akidhani amesikia ubora. Sikio la binadamu hupenda kilicho juu. Sisi nyumbani tulisawazisha viwango hivyo kwa kipimo cha simu, tukacheza diski moja yenye nyimbo zote mbili za sauti. Kaka alidai bado anasikia tofauti kwenye vishindo vya besi. Mimi nilisikia kidogo, kwenye kengele na vioo vinavyovunjika. Tukamwuliza Mama, ambaye ndiye aliyekuwa sababu ya shughuli yote ile, anaonaje.

“Hizo zote mbili ni Kizungu, mwanangu,” akasema, akaendelea kuchambua maharagwe.

Nitakiri kuwa jibu hilo lilinifunza zaidi ya semina kadhaa. Tulikuwa tumeuliza swali la wafundi, naye akajibu la hadhira.

Hebu tulitazame tatizo lake kama lilivyo. Katika mikondo sita, mazungumzo takriban yote huwekwa katika mkondo wa katikati. Muziki na mazingira hutandazwa kushoto, kulia na nyuma. Kwa mtu mwenye usikivu hafifu, huu ni ugunduzi wenye thamani kuliko ndege zote zinazopita kichwani, kwa kuwa unamwezesha mwenye rimoti kuinua spika ya katikati peke yake, kwa desibeli tatu au nne, bila kuinua muziki unaoyameza maneno. Rekodi ya mikondo miwili haina nafasi hiyo. Maneno na muziki vimekwisha kuchanganywa kama maziwa katika chai, na anayeongeza kimoja ameongeza vyote. Kwa hiyo upande wa usikivu, muundo wowote wa mikondo sita ungemfaa Mama. Isipokuwa mkondo huo wa katikati, katika diski zote zilizowahi kuingia nyumbani kwetu, husema Kiingereza. Mara chache Kifaransa au Kihispania.

Kiswahili kiko wapi? Kiko katika filamu za madijei. Msomaji wa Kenya hahitaji kuelezwa juu ya DJ Afro, ambaye jina lake limekuwa karibu jina la utanzu wenyewe. Uganda wanao vijei wao, kama vile VJ Jingo, wanaotafsiri kwa Kiganda. Tanzania ilikuwa naye Lufufu. Hawa huichukua filamu ya Marekani, ya Uhindi au ya Hong Kong, wakaisimulia upya juu ya sauti yake ya asili, wakiwapa wahusika majina mapya, wakitania, wakionya, wakimkemea mwovu kabla hajafanya uovu. Nimekua nikiwasikiliza katika kibanda cha video pale sokoni Longonot, kilichojengwa kwa mabati na kufunikwa magunia madirishani ili kuzuia mwanga na lile vumbi jepesi la majivu ya volkeno lisilozuilika kwa chochote. Naamini ya kwamba mtaalamu wa fasihi simulizi anayewapuuza madijei hawa ameiacha nyuma hadhira kubwa kuliko zote zilizosalia.

Lakini tuichunguze sauti yao. Dijei aghalabu huanza na nakala ya filamu yenye mikondo miwili, au iliyokunjwa ikawa miwili. Huishusha sauti ya asili anaposema, huipandisha anaponyamaza, kisha huhifadhi vyote pamoja. Wakati wa VCD, ambazo ndizo zilizoisambaza kazi hii mitaani, haingewezekana vinginevyo: muundo wa VCD una mikondo miwili tu, ya kilobiti 224 kwa jumla. Matokeo ni kwamba Kiswahili kimo ndani ya maziwa na chai. Nayo spika za kibanda, ziwe mbili au kumi, hutoa kitu kile kile.

Hapo ndipo ulipofungika mlango wa Mama. Alikuwa na hiari mbili: kusikia vizuri asichokielewa, au kuelewa asichokisikia vizuri.

Kaka alijaribu ufundi. Alikuwa na amplifaya ya mtumba yenye Pro Logic II, akaichomekea filamu ya dijei. Kwa mujibu wa kanuni niliyoieleza, sauti iliyo sawa kushoto na kulia hupelekwa katikati. Na kwa kuwa dijei hurekodi kwa maikrofoni moja, sauti yake ilitoka mzima mzima kwenye spika ya katikati, safi, muziki ukibaki pembeni. Kwa dakika chache tulidhani kazi imekwisha. Kifaa kilichobuniwa Marekani kwa ajili ya filamu za Marekani kilikuwa kimemkalisha fanani wa Kiswahili katika kiti chake cha asili, bila kuambiwa na mtu. Kisha tukainua spika hiyo kwa desibeli nne, tukagundua kwamba kiti hicho kilikuwa na mtu mwingine. Mazungumzo ya Kiingereza ya filamu yenyewe nayo ni sawa kushoto na kulia. Nayo pia hupelekwa katikati. Tulipomwinua dijei tulimwinua na Mwingereza aliyekaa mapajani mwake. Kwa filamu zilizokunjwa zikawa mkondo mmoja hali ilikuwa mbaya zaidi, kwani kila kitu, hata mabomu na farasi, kilirundikana katikati.

Mwenzangu mmoja darasani, mtu ninayemheshimu kwa usomaji wake, alinisikiliza akasema nalalamikia kile ambacho ndicho uzuri wa sanaa hiyo. Kwake, kugongana kwa sauti mbili ni sawa na fanani anayeingiliwa na hadhira. Kukisafisha ni kukiua. Nakubaliana naye kwa nusu. Ni kweli kwamba dijei hajaribu kuificha filamu ya asili, bali hujibizana nayo, na mgongano huo una ladha. Nusu ya pili simkubalii. Ni rahisi kwa mwenye masikio mazima kuita ukosefu wa vifaa “mtindo”. Hakuna aliyemwuliza dijei kama angependa kuwa na mikondo sita.

Tena, nafasi haikukosekana. Diski ya DVD, tangu ilipobuniwa katika miaka ya 1990, yaweza kubeba hadi nyimbo nane za sauti, kila moja kwa lugha yake, na manukuu ya lugha 32. Nane! Watengenezaji wa filamu, wanapojiandaa kuiuza nje, huandaa rekodi maalumu yenye muziki na milio yote isipokuwa mazungumzo, ili kila nchi itie sauti zake. Anayetaka kuitia filamu hiyo Kiswahili hahitaji kugusa risasi, mvua wala vinanda. Anahitaji kujaza mkondo mmoja wa katikati. Kazi hiyo si ngeni kwetu. Mwaka wa 2011 runinga ya TBC ilionyesha tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake ikiwa imetiwa sauti za Kiswahili, na wakwe wale wa Kichina wakagombana kwa lugha safi hadi mitaa ya Dar es Salaam ikawazoea. Filamu zetu wenyewe nazo zipo. Nairobi Half Life ya mwaka wa 2012 imejaa Kiswahili na Sheng, na Supa Modo ya mwaka wa 2018, inayomhusu mtoto mgonjwa apendaye filamu za mashujaa, Mama aliitazama mara tatu. Lakini mashujaa wenyewe, wale wanaopaa na kuvunja majumba kwa sauti ya mikondo sita, bado hawajajifunza salamu.

Msomaji aliyefuatilia maendeleo ya vyombo atasema nimechelewa, kwamba DVD imepitwa. Ni kweli. Mwaka wa 2006 zilikuja diski za Blu-ray zikiwa na Dolby TrueHD na DTS-HD Master Audio, ambazo hubana bila kutupa hata biti moja. Kinachotoka ndicho kilichoingia, kwa zote mbili. Ugomvi wa zamani wa Dolby na DTS ungepaswa kuzikwa siku hiyo, ingawa bado kuna wanaougombania. Hata hivyo sauti hizi hazipiti katika ule waya wa nuru uliotumiwa na wengi. Zinahitaji HDMI, na amplifaya ya mtumba ya kaka haina tundu hilo. Mwaka wa 2012 filamu ya Brave ilizindua Dolby Atmos, iliyofika majumbani mwaka wa 2014, ikafuatwa na DTS:X mwaka wa 2015. Ubelgiji nayo ilikuwa na Auro-3D. Hizi huongeza spika za juu, au spika zinazorusha sauti darini ili irudi chini. Ushauri wake ni dari tambarare. Nyumba ya Mama ni ya mawe, na paa lake ni mabati yaliyoinama yasiyo na dari, hivyo sauti iliyorushwa juu ingerudi popote ipendapo. Isitoshe, mvua za masika zikianza, mabati yenyewe hutoa sauti ya juu ambayo hakuna kampuni iliyoifikia.

Kuhusu filamu za mtandaoni nitasema machache. Tangu mwaka wa 2019 Netflix hutuma mikondo sita kwa hadi kilobiti 640 kwa sekunde. Kwa filamu ya saa mbili, hiyo ni megabaiti 576 za sauti peke yake, kabla ya picha. Anayenunua bando kwa siku ataelewa kwa nini vijana wa Longonot bado wanapakiwa filamu za dijei kwenye kidude cha kumbukumbu mjini Naivasha. Nao wanakaa karibu na kituo cha setilaiti kilichofunguliwa mwaka wa 1970, chenye madishi ambayo kwa miaka mingi yaliisikilizia nchi nzima sauti za dunia!

Kilichonivutia katika miundo mipya si hizo spika za juu. Ni dhana iliyo chini yake. Zamani mchanganyaji wa sauti aliandika: “mlio huu uende spika ya kushoto.” Katika Atmos anaandika: “mlio huu uko hapa,” na kifaa cha nyumbani ndicho kinachoamua kitumie spika zipi. Mlio umekuwa kitu kinachojitegemea. Miundo ya AC-4 na MPEG-H, ambayo hii ya pili imetumika katika matangazo ya runinga ya Korea Kusini tangu mwaka wa 2017, imelipeleka jambo hili kwenye mazungumzo: mtazamaji aweza kuchagua lugha huku muziki na milio ikibaki ile ile, na aweza kuinua maneno bila kuinua kingine chochote. Yaani lile ombi la Mama limekwisha kuandikwa katika vipimo vya kimataifa. Lugha ni kitu kimoja kinachopachikwa na kupachuliwa. Kukipachika Kiswahili hakugharimu ukumbi wala okestra. Kunagharimu wafasiri, waigizaji wa sauti na chumba kimya. Na vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vina wafasiri na waigizaji hadi wa kuazima.

Kwa sababu hiyo, mimi na wenzangu watatu tumeanza jambo dogo ambalo naliweka mbele ya wasomaji ili likosolewe. Tuliona kwamba kikwazo chetu ni yule Mwingereza aliyekaa mapajani mwa dijei. Tukatafuta filamu isiyokuwa naye. Filamu bubu hazina mazungumzo ya kushindana nayo. Tena huko Japani, hadi miaka ya 1930, filamu za namna hiyo zilisimuliwa ukumbini na wasimulizi walioitwa benshi, ambao watazamaji wengi waliwafuata kuliko walivyowafuata waigizaji. Tumeichagua The General ya Buster Keaton, ya mwaka wa 1926, ambayo haina tena haki ya kumiliki inayotuzuia. Ni filamu ya treni, na Mama, aliyekaa miaka yote hiyo karibu na reli, hadanganyiki kwa habari ya treni.

Msimulizi tumemrekodi katika chumba kilichotundikwa mablanketi, kwa mtindo wa dijei lakini kwa Kiswahili kilichopangwa. Sauti yake tumeiweka katika mkondo wa katikati pekee. Kinanda kimekaa kushoto na kulia. Milio ya treni tuliirekodi wenyewe, treni ya mizigo ilipopita karibu na stesheni ya Longonot, nayo imekwenda nyuma. Programu za bure za kompyuta zinatosha kuifunga mikondo hiyo sita katika Dolby Digital. Tumechagua muundo huo, wala si DTS, kwa sababu moja isiyo na utukufu: karibu kila kichezeshi cha DVD kinaufahamu.

Dakika kumi na mbili za kwanza ziko tayari. Mama alizisikiliza mwezi uliopita, kiti chake kikiwa kimegeuzwa kidogo ili sikio la kulia lielekee spika ya katikati, ambayo kaka ameisogeza kando ya runinga kinyume cha vipimo vyote vya kitaalamu. Vipimo hivyo huweka spika za nyuma kwenye nyuzi 110 kutoka mbele ya msikilizaji. Kwake yeye tulizipunguza sauti hadi karibu na kimya. Hakwenda jikoni. Alilalamika kwamba msimulizi wetu anasema upesi kana kwamba anakimbizwa, na kwamba injini inayopanda mlima haipigi mlio ule tuliouweka, kwani ule ni wa kushuka. Tumemsihi msimulizi arudi kurekodi upya. Kuhusu mlio, kaka atakwenda tena stesheni na simu yake Jumamosi. Sisi wengine tumekwama kwenye majina ya sehemu za injini ya mvuke, na mwenye orodha ya maneno ya mafundi wa reli wa zamani ataombwa atufae.